Jongoo Kumi na Mmoja na Ukucha Mmoja

Sangumunai, 12 Juni 2003

Mjomba Masilamani,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, na ukimaliza uitie kwenye moto, chini ya sufuria. Usimsomee mkaza mjomba hata mstari mmoja. Usimpe mwenzako wa kambini akusaidie palipofifia wino. Mama asijue kama nimekuandikia. Kama huwezi kuniahidi hayo, ishia hapa.

Ukiwa umeendelea, basi shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi ni wa kuokoteza. Mama goti limetulia tangu aanze kulichua kwa mafuta ya ufuta, na nguvu alizopata amezihamishia kwenye kunitafutia mume. Wiki iliyopita alinitumia picha ya mhandisi wa maji mwenye masharubu. Nimemjibu kwamba niko kwenye muda wa majaribio kazini hadi Desemba, na hilo si uongo.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba tangu mwaka juzi jongoo bahari, ambaye watu wa hapa humwita ruba wa bahari, ameingizwa kwenye Jedwali la Kwanza la sheria ya wanyamapori, mle mle alimo chui milia wako. Anayemkamata huyu na anayemuua yule wanasubiriwa na kifungo kimoja, kisichopungua miaka mitatu.

Juzi Jumanne askari wetu Sudalai alimleta ofisini mwanamke mmoja na ndoo. Anaitwa Arokiyam, mjane wa miaka hamsini hivi, anachuma mwani na kutega kaa kwenye maji ya magotini. Ndani ya ndoo kulikuwa na jongoo kumi na mmoja. Alidai wameingia wenyewe kwenye wavu wa kaa na alikuwa anawarudisha. Kazi yangu ni kuandika hati ya ukamataji, na fomu pekee tuliyo nayo ni ile ya wanyama wa bara: urefu kutoka pua hadi ncha ya mkia, rangi ya ngozi, idadi ya kucha.

"Binti karani, jina langu liandike vizuri," aliniambia. "Nikifungwa nataka nifungwe mimi, si jirani yangu."

"Tulia, mama."

"Hapo umeandika nini?"

"Idadi ya kucha. Hakuna."

Nilikuwa nimeinama. Uzi wangu mweusi ukachomoka kwenye blauzi, na ule ukucha ulionivika siku ya kutogwa masikio, nilipokuwa na mwaka mmoja kwenye mapaja yako, ukaning'inia juu ya karatasi. Arokiyam aliutazama, akanitazama. Sudalai alikuwa nje ananawa mikono.

"Mimi nimeshika ruba," akasema taratibu. "Wewe umevaa nini, mwanangu?"

Mjomba, nimeuvaa miaka ishirini na mbili kama mtu anavyovaa kovu. Nimefanya kazi ofisi ya wanyamapori miezi sita bila kukumbuka kwamba nina kipande cha chui milia kifuani. Sasa sifikirii kingine. Serikali imefungua dirisha: mwenye nyara za zamani azitangaze kabla ya katikati ya Oktoba na hatashitakiwa. Fomu ina safu nne. Jina, aina ya nyara, ukubwa, na ya nne: umeipata wapi na lini. Naomba unijazie ya nne tu.

Mpwa wako,
Malarkodi


Kambi ya Karumparai, 2 Julai 2003

Malarkodi,

Nimeichoma. Mkaza mjomba akauliza mbona moto unanuka gundi ya posta, nikamwambia ni pua yake.

Huku milimani mvua imeanza kwa hasira. Mkaza mjomba ana kikohozi lakini ulimi wake haujambo. Ulezi umeota vizuri, nguruwe mwitu nao wanauona hivyo hivyo. Huyo mhandisi wa masharubu usimkatae haraka, mtu mwenye masharubu si mbaya kwa sababu ya masharubu, nitazame mimi.

Nilicheka sana habari ya ruba wako. Miaka ishirini na tano nalinda chui milia. Ana namba. Kila mwaka tunamwaga chokaa kwenye nyayo zake, tunazipanga mezani kama sahani za harusi na kuhesabu nani yupo, nani hayupo. Akifa, wanakuja wakubwa watatu na magazeti mawili, na wapo wageni kutoka mbali wanaolia kwa machozi kabisa. Anachomwa mbele ya mashahidi kama mtu wa heshima. Leo unaniambia kwamba mbele ya sheria yuko sawa na kitu kinachofanana na soksi iliyolowa! Nilipomweleza mwenzangu wa kambini (habari ya ruba tu, usishtuke) alisema, "Basi mkeo naye aingizwe kwenye jedwali, maana naye amebaki mmoja."

Kuhusu ule uzi, usijisumbue. Ni kitu cha zamani, cha enzi za babu yako. Watu wengi wanavaa. Unaishi kando ya bahari, utupe baharini, kisha upige mswaki ulale.

Mjomba wako


Sangumunai, 11 Julai 2003

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya kikohozi kwa mkaza mjomba. Amwambie muuza dawa ampe ile ya mizizi, si ile ya rangi nyekundu. Mama amepeleka nyota yangu ya kuzaliwa kwa mhandisi. Mwezi wa Aadi ukiingia hakuna atakayezungumzia ndoa, hivyo nina wiki nne za kupumua.

Siwezi kuutupa. Nilifika mpaka kwenye mawe nikiwa nimeufunga kwenye leso, nikarudi nao. Arokiyam ameuona. Yuko rumande hadi kesi tarehe sita Oktoba, nami ndiye shahidi wa hati. Akiutaja mahakamani wakanikuta sina, nitakuwa nimeficha. Wakanikuta nao, nitakuwa nimemiliki. Kila mlango wa gari unapofunguliwa hapa ofisini, mkono unakwenda shingoni wenyewe. Sudalai ameanza kuniuliza kama nina upele.

Halafu, mjomba, babu alikuwa mfumaji. Mama anasema hakuwahi kupanda mlima, na paka wa jirani alikuwa akimtoa jasho. Nilimuuliza kwa mbali tu, kama mtu anayepiga soga. Akasema, "Muulize aliyeuleta," kisha akaanza kuchambua dengu ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Umeniambia habari ya chui wako kuhesabiwa. Ruba hahesabiwi na mtu. Nimetafuta kwenye kabati lote la ofisi idadi yao, mwaka huu, mwaka jana, mwaka wowote, hakuna. Wazee wa hapa wanasema zamani maji yakitoka ulikuwa unavuka ukiwakanyaga, na sasa mtu anatembea asubuhi nzima apate wawili. Anakula mchanga na kuutoa ukiwa safi, usiku na mchana, hana meno, hana macho. Mabaki ya chui wako na ya ruba wangu yanasafirishwa na watu wale wale, kwenda kwa walaji wale wale ng'ambo, ambao hawajawahi kumwona yeyote kati yao akiwa hai. Tofauti ni kwamba wako akipungua mmoja mnajua jina lake.

Kuna jingine, ila leo siliandiki. Nijibu la safu ya nne.

Malarkodi


Karumparai, 9 Agosti 2003

Malarkodi,

Barua yako ilikaa chini siku kumi na nane kwa sababu mlima uliporomoka kwenye kona ya pili na basi halikupanda. Ilifika na tope. Mkaza mjomba amepona, anakushukuru kwa mizizi ingawa hajui ni wewe uliyeshauri, nimesema nimeota.

Tumepoteza ng'ombe mmoja kwa chui milia jike, yule mwenye mguu wa nyuma uliopinda kidole. Mwenye ng'ombe alilia, nikamwambia akae kwenye foleni ya fidia kama wengine. Ninastaafu tarehe thelathini Novemba. Afisa amesema watanivika shada na kunipa saa ya ukutani. Nimemwambia saa hainisaidii, aniongezee blanketi. Huku ni baridi na pensheni ni yote nitakayokuwa nayo, mimi na huyu mwenye ulimi.

Umeandika kurasa nne. Mtu anayeogopa ukucha peke yake hawezi kujaza kurasa nne. Wewe kuna kitu umekificha. Nakujua tangu unatambaa: ukivunja kikombe ulikuwa unakuja kutuambia kwamba sahani ni nzima.

Sema kwanza wewe.

Mjomba


Sangumunai, 21 Agosti 2003

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani ni zile zile na nitaziruka, unisamehe.

Nasema. Siku ile, ndani ya ndoo, mlikuwa na jongoo kumi na mmoja na pia matumbo. Nyuzinyuzi za kijivu na za njano, rundo zima, zikielea. Arokiyam alikuwa na kisu kiunoni cha kukatia mwani. Sudalai anatoka bara kama mimi. Akatazama ndoo, akatazama kisu, akasema, "Ameshawapasua. Andika." Nikaandika kwa mwandiko mzuri: wote kumi na mmoja wamepasuliwa na kutolewa matumbo, tayari kwa kuchemshwa na kuuzwa. Unaona uzito wake? Aliyewanasa kwa bahati mbaya huonywa. Anayepasua ni mfanyabiashara wa nyara, na huyo haponi.

Hati ikaondoka na gari la jioni. Asubuhi tuliwarudisha baharini, mimi na Sudalai, maana sheria inasema hivyo. Nilimshika wa kwanza kwa mikono miwili. Alikuwa mzito, baridi, anajikaza. Nikamgeuza nitafute alipopasuliwa. Hakuna. Wa pili, hakuna. Hakuna mwenye jeraha hata mmoja. Wa saba nilimbana zaidi kwa sababu wimbi lilinisukuma, na mkononi mwangu, mjomba, akajikunja, akatapika matumbo yake yote, yakanitiririkia kwenye viganja. Nilipiga kelele. Mchuma mwani mmoja aliyekuwa jirani akacheka akaniambia, "Umemtisha. Akiogopa anatoa vya ndani. Mrudishe tu, ataota vingine." Watoto wote wa hapa wanalijua hilo. Ni sisi wa ofisini tu tusiojua.

Sudalai alikuwa amesikia. Akasema, "Dada, hati imeshakwenda. Wewe bado uko kwenye majaribio, mimi nina watoto wanne."

Nimenyamaza wiki kumi. Arokiyam yuko ndani kwa sentensi yangu moja. Nilimwona alipoletwa kutajwa kwa kesi mwezi uliopita. Alinitazama shingoni, kisha akatazama pembeni. Nikisimama mahakamani nikasema nilikosea, mwendesha mashitaka atauliza kwa nini sasa. Na siku itakapojulikana kwamba alikuwa na siri yangu, kila mtu atasema alinitishia, na neno langu la kweli halitakuwa na thamani ya karatasi. Lazima ukucha utoke kwanza, kwa njia ya wazi, na safu zote nne zijazwe.

Mimi nimesema. Zamu yako.

Malarkodi


Karumparai, 14 Septemba 2003

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tatu, mbili zimekwenda jikoni. Mkaza mjomba ameacha kuuliza.

Ulizaliwa mdogo kama panya. Ulipofika mwaka ulikuwa hutembei, hunenepi, ukishtuliwa na mlango unaofungwa unakata pumzi mpaka unakuwa wa bluu. Bibi yako akasema mtoto ana hofu, avikwe ukucha wa chui milia. Akanitazama mimi. Mjomba ndiye anayeleta dhahabu siku ya kutoga masikio, na mjomba huyu alikuwa askari wa misitu wa mwaka wa tatu, hana dhahabu.

Machi 1981 dume mmoja alikufa kwenye waya wa kutegea nguruwe, mpakani mwa shamba la kahawa. Afisa alihesabu kucha: kumi na nane, kama inavyotakiwa. Akaandika. Kisha akaenda kula, akaniacha nilinde. Kulikuwa na Kethan, mrina asali wa kabila la Kurumba, aliyeajiriwa kuleta kuni za kumchomea. Alikwenda mara sita, akarudi mara sita. Alipokwenda mara ya nne nilitoa kisu.

Afisa aliporudi alihesabu tena, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhesabu. Kumi na saba. Alituuliza sote wawili. Mimi nilivaa sare. Kethan alivaa kipande cha nguo na alikuwa na kisu cha asali. Walimpiga, walipekua kibanda chake, hawakupata kitu, na wakamfunga miezi kumi na moja. Alipotoka alikuta familia yake imekatazwa ule mwamba wa asali ambao baba yake na babu yake walikuwa wakirina. Amekatazwa mpaka leo. Anaishi nyuma ya bwawa, anafagia barabara ya shamba.

Kila mavuno nampelekea debe la ulezi na chumvi. Mkewe anawaambia watu kwamba Masilamani ni mtu mwema.

Sasa unajua. Wewe ulitembea mwezi uliofuata, bibi akaona dawa imefanya kazi.

Nakuomba, Malarkodi, kama mtu aliyekushika mapajani. Kwenye safu ya nne andika urithi wa babu. Hakuna atakayemfufua mfumaji aulizwe. Mwanamke wako atatoka, wewe utabaki na kazi, na mimi nitafika Novemba. Miezi miwili na nusu tu. Usinijibu hili kwa maandishi.

Mjomba wako, kama bado unataka kuniita hivyo


Sangumunai, 7 Oktoba 2003

Mjomba,

Shikamoo. Bado nakuita hivyo.

Ijumaa iliyopita niliupeleka ukucha wilayani. Karani mwenzangu aliyepokea aliupima, urefu wa kidole changu cha mwisho, akaandika safu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipofika ya nne nikamwambia, "Iache wazi."

"Haiwezi kuachwa wazi, dada."

"Dirisha linafungwa lini?"

"Jumatano ya tarehe kumi na tano, saa kumi na moja jioni."

"Basi iache hadi hapo. Anayejua atakuja."

Alinipa stakabadhi yenye muhuri. Shingo yangu iko wazi kwa mara ya kwanza tangu nijue kutembea, na mkono bado unakwenda pale pale.

Jana nilisimama mahakamani. Nilisema niliandika uongo bila kujua, kisha nikaunyamazia nikijua. Nikaeleza habari ya matumbo. Watu wa pwani waliokaa nyuma wakacheka kwa furaha, kama mtu akisikia mgeni hatimaye ametamka jina la kijiji chao sawasawa. Mwendesha mashitaka akataka nithibitishe. Wakili wa Arokiyam akajibu kwamba ili tuthibitishe lazima mtu akamate jongoo amlete humu amtishe, na huyo atakuwa ametenda kosa sawa na kumtesa chui milia mbele ya mheshimiwa. Hakimu aliinamisha uso kwenye faili muda kidogo. Alipouinua aliagiza mtaalamu wa samaki alete maelezo kwa maandishi.

Kisha likaja swali nililokuwa nalisubiri. "Shahidi, mshitakiwa anajua siri yako yoyote?"

"Aliijua moja tangu Juni. Ijumaa niliipeleka mwenyewe serikalini. Stakabadhi hii hapa."

Mwendesha mashitaka akakaa chini. Arokiyam akapewa dhamana saa nane mchana. Mimi nikapewa barua ya kusimamishwa kazi saa tisa, na ufunguo wa chumba cha idara nikaukabidhi saa kumi. Sudalai alinibebea sanduku hadi kituo cha basi, kisha akarudi mbio kabla hajaonekana.

Kwenye basi Arokiyam aliketi kando yangu. Nikamuuliza kwa nini hakuutaja ukucha, miezi minne yote.

"Ningeutaja tungekuwa rumande wawili," akasema. "Nani angebaki nje wa kuja kusema kweli?" Kisha akaniuliza kama najua kupika kaa. Nilipomwambia sijui, alipiga paja akasema serikali imemfunga kwa mkono wa mtu asiyejua hata kupika kaa.

Mjomba, jina lako sijalitaja popote. Sitaandika babu, na sitaandika wewe. Siku ile kwenye maji yule ruba wa saba alitoa kila kitu kilichokuwa ndani yake, na nilipomweka chini alianza kutembea mchangani, polepole, akiwa mtupu. Nilimtazama hadi nikampoteza. Nimekuwa nikimfikiria yeye kuliko chui wako.

Basi sikiliza jinsi ya kunipata. Usiandike ofisini, barua zangu sasa zinafunguliwa. Wala usimpitishie Mama, ataanza kuchambua dengu. Kama ni barua, andika: Arokiyam, nyumba ya tatu baada ya kanisa, kwenye nyavu za kaa, Sangumunai. Usiandike jina langu juu. Hii naituma kwa posta ya haraka ikufikie keshokutwa, lakini barua kutoka kwako huchukua siku saba mlima ukiwa mzima, na zimebaki nane. Ni afadhali uje. Panda basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka kona ya pili, ubadilishe Madurai uingie treni, ushuke mwisho wa reli. Ukishuka usiulize ofisi ya misitu. Uliza nyumba ya mama wa ruba, mtoto yeyote atakuleta. Nitakuwa nakutazamia kila treni, kisha tutakwenda wilayani pamoja.

Ila kabla ya basi, pita nyuma ya bwawa. Usimpelekee ulezi safari hii. Mwambie Kethan, kwa mdomo wako, mkewe akisikia. Akikubali kuja, mkatie tiketi akae dirishani. Kama hukupita kwake, usipande basi hilo.

Jumatano, kabla ya saa kumi na moja.

Malarkodi